Nililipa Karo Kabla ya Kuuliza

Karatasi ile ya tangazo la chuo ninayo mpaka leo. Imekunjwa mara nne, na pembeni ina doa la grisi kwa sababu niliipokea nikiwa kazini, mikono imejaa uchafu wa beringi. Juu yake imeandikwa kwa herufi nene: soma ukiwa kazini, diploma, shilingi 12,500 kwa muhula. Ilikuwa Desemba 2018. Nilikuwa karani wa stoo katika duka la vipuri vya magari kwenye Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, mshahara shilingi 18,000 kwa mwezi, na kazi ile nilikuwa nimeifanya miaka mitano.

Hamu ya kusoma nilikuwa nayo kabla ya karatasi. Mwaka huo bosi alileta kijana mwenye diploma ya ununuzi na ugavi. Mimi ndiye niliyemwonyesha rafu, nikamfundisha kutofautisha filta kwa namba zake, nikamweleza ni mteja yupi hulipa na yupi hukopa akapotea. Miezi mitano baadaye akawa mkubwa wangu. Sina kinyongo naye, alikuwa mtu wa adabu na bado tunasalimiana. Lakini siku alipotangazwa, nilipofika nyumbani Kayole sikula. Nilikaa kitandani nikaona wazi kwamba nitahesabu vipuri vya watu mpaka nizeeke, na kila anayekuja na cheti atanipita.

KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nilifanya 2012, nikapata C, alama inayotosha kuingia diploma. Nilichokosa ni muda. Duka lilifunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, Jumamosi nusu siku. Masomo ya jioni yangenifikisha nyumbani saa nne usiku, na saa hizo mwanamke akitembea peke yake kutoka stejini hana amani. Kwa hiyo chuo cha masomo ya mbali, kinachokupa moduli usome nyumbani na kukuita darasani Jumamosi mbili kwa muhula, nilikiona kama nguo niliyoshonewa mimi.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya tatu karibu na Mtaa wa Tom Mboya, juu ya duka la simu. Nilipanda Jumamosi saa nane mchana. Dada wa mapokezi alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akanimiminia maji. Nilimuuliza karo ni ngapi.

"Ni 12,500 kwa muhula, dada yangu. Na unaweza kulipa polepole."

Nikauliza masomo yanachukua muda gani. "Miaka miwili tu," akasema.

Hapo nikanyamaza, nikafanya hesabu kichwani. Kaka yangu aliyesoma chuo kikuu alikuwa na mihula miwili kwa mwaka, basi nikazidisha 12,500 kwa nne, nikapata 50,000. Nikaona ninaweza. Nililipa 2,000 za usajili palepale, nikatia sahihi fomu ya kurasa tatu ambayo sikuisoma, nikashuka ngazi karibu nikikimbia.

Hakuna mtu katika ofisi ile aliyeniambia kwamba diploma itanigharimu 50,000. Niliitunga mwenyewe namba hiyo, nikaiamini, nikaipeleka mpaka kwa Mama. Yeye anauza mboga sokoni Voi, na ana chama cha wanawake kumi na tano wanaochanga shilingi elfu moja kila mwezi. Mwezi ule ilikuwa zamu yake. Alinitumia zote 15,000 kwa M-Pesa na kunipigia dakika hiyohiyo. "Mwanangu, anza. Usingoje."

Nikaanza Januari 2019.

Wiki ya kwanza nililipia kitambulisho, 500. Kisha moduli, 3,000. Nilidhani moduli ni za miaka miwili, kumbe ni za muhula huo. Mwezi wa pili ukaja ujumbe kwamba bila 1,000 za mfumo wa intaneti mwanafunzi hawezi kuona maswali ya kazi za nyumbani. Mwezi wa tatu, 1,500 za mtihani wa mwisho wa muhula, na asiyelipa asije. Kila malipo yalikuja peke yake, yakiwa madogo kiasi kwamba kubishana nilionea aibu. Nililipa kila mara. Aprili ilipokwisha nilikuwa nimetoa 20,500 kwa muhula niliouita wa 12,500. Kisha Mei ukaanza muhula wa pili, na ndipo nikasikia wenzangu wakitaja wa Septemba. Mihula ilikuwa mitatu kwa mwaka.

Ningeacha hapo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuacha, na jibu ni kwamba mtu akishatoa 20,500 huona akiacha ndiyo amezitupa. Nikalipa muhula wa pili, 18,000. Nilikuwa nimehama kutoka chumba cha 4,500 kwenda cha 3,000 ambacho maji yalipatikana Jumanne na Ijumaa.

Kusoma nilisoma, hilo sitalificha. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, nawasha taa ya simu ili nisimwamshe binti niliyekaa naye, nasoma mpaka saa kumi na mbili. Moduli zilikuwa fotokopi ya fotokopi. Kurasa nyingine maneno ya pembeni yamekatwa, nikawa nakisia. Niliamini kuwa yaliyoandikwa mle ndiyo elimu yenyewe.

Mwezi wa nane niliitwa kwenye usaili wa kazi ya kusimamia ghala katika kampuni moja ya Industrial Area. Nilikuwa nimeandika kwenye barua kwamba niko mwaka wa kwanza wa diploma. Aliyenihoji alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini, anayesikiliza mpaka umalize. Aliniuliza maswali ya stoo nikayajibu yote. Nilimweleza jinsi ya kupanga bidhaa ili zilizotangulia kuingia zitangulie kutoka, nikamweleza jinsi nilivyowahi kukamata wizi wa plagi kwa kulinganisha kadi za rafu na risiti. Alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akauliza, "Ununuzi wa umma hapa Kenya unaongozwa na sheria ipi?"

Nilijua. Nilikuwa nimeikariri wiki hiyohiyo kutoka moduli ya tatu. Nikamwambia ni sheria ya mwaka 2005.

Akaniangalia kidogo. "Hiyo iliondolewa. Sasa ni ile ya 2015, ilianza kutumika Januari 2016." Kisha akauliza kwa upole, kama daktari anayetafuta panapouma: "Mtihani wenu wa mwisho unatungwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekaa chuo kile miezi minane, nimelipa 38,500, na sikujua mtihani wangu wa mwisho unatungwa na nani wala cheti changu kitatiwa muhuri na nani. Nilisema, "Nafikiri ni chuo." Akaandika jambo kwenye karatasi yake.

Kazi sikupata. Lakini kabla sijatoka alinifanyia wema ambao siwezi kuusahau. Aliniambia niingie kwenye tovuti ya TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi chini ya sheria ya 2013, nitafute jina la chuo changu, na nikilipata nisiridhike, niangalie kozi yangu nayo kama imo. Chuo kusajiliwa ni jambo moja, akasema, kozi kuidhinishwa ni jingine, na hata mwalimu anatakiwa awe na leseni yake.

Nilikwenda moja kwa moja saiba ya kwanza niliyoiona. Chuo kilikuwepo. Nilipumua. Kisha nikatazama kozi zake: kompyuta, ususi na urembo, upishi, zote za kiwango cha cheti. Diploma ya ununuzi na ugavi haikuwemo. Nilirudia kutafuta mara tatu, nikidhani nimekosea tahajia, mpaka mwenye saiba akaniuliza kama naongeza muda.

Usiku huo ndipo nilipochukua kalamu kwa mara ya kwanza. Nilitandaza risiti zote kitandani na kuhesabu hadi mwisho, kama ningemaliza. Karo, mihula sita, 75,000. Usajili na kitambulisho, 2,500. Moduli, 18,000. Mitihani ya ndani, 9,000. Mfumo wa intaneti, 6,000. Usimamizi wa mradi wa utafiti, 6,000, na mahafali 5,000. Hizi mbili nilizipata kwa mwanafunzi aliyetangulia. Jumla 121,500. Mwaka uliotangulia, 2018, serikali ilikuwa imepanga karo ya taasisi za ufundi za umma iwe 56,420 kwa mwaka, ambapo yenyewe ilitoa 30,000 na mwanafunzi aliweza kukopa 26,420 zilizobaki kutoka HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Mimi nilikuwa nalipa zaidi ya 60,000 kwa mwaka kutoka mfukoni, kwa fotokopi yenye sheria iliyofutwa.

Kuna kitu kingine nilikigundua kwenye risiti zile. Zote ziliandikwa maneno mawili tu: malipo ya mwanafunzi. Hakuna iliyosema ni ya moduli, ya mtihani au ya nini. Mimi, mtu wa stoo, ambaye nisingeruhusu hata kopo moja la grisi litoke bila kuandikwa, nilikubali kupokea risiti za namna hiyo miezi minane.

Nilirudi ofisini kwao kudai. Safari hii sikuzungumza na dada wa mapokezi, nilipelekwa kwa mzee mmoja chumba cha ndani. Hakuwa mkali. Alisikiliza, akavuta faili langu, akafungua ukurasa wa tatu wa fomu na kunionyesha mstari wa chini kabisa, maandishi madogo: karo ikishalipwa hairudishwi kwa sababu yoyote. Chini yake sahihi yangu. Kuhusu kozi, alisema kibali "kiko njiani." Nikamuuliza kiko njiani tangu lini. Akasema, "Dada, wewe soma tu, hayo ni mambo ya ofisi."

Siku hizi kuna Mahakama ya Madai Madogo, ilianza Milimani Aprili 2021 na inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Mwaka 2019 haikuwepo, na gharama ya wakili ingezidi nilichokuwa nikidai. Niliacha. Ninaitaja kwa ajili ya mtu aliye na risiti kama zangu leo.

Kumpigia Mama ilinichukua siku nne. Nilimwambia bila kuzunguka kwamba zile pesa zimepotea, na kozi yenyewe haitambuliki. Nilisikia kelele za soko nyuma yake, mtu akiuliza bei ya nyanya, naye akimjibu kwanza yule mteja. Kisha akasema, "Ilikuwa zamu ya chama, mwanangu. Zamu hurudi." Hakuuliza zaidi. Ningependa angegomba.

Miezi iliyofuata sikujisajili popote. Nilinunua daftari la kurasa 96, na kila Jumamosi mchana nikawa napanda ngazi za chuo kimoja au viwili, nikiuliza maswali yaleyale na kuandika majibu mbele ya anayejibu. Niliona jambo moja: mtu akikuona unaandika, sauti yake hubadilika. Wengine walieleza vizuri zaidi. Wengine walianza kuniuliza nimetumwa na nani.

Swali la kwanza sasa lilikuwa lile la yule mama: mtihani wa mwisho ni wa nani? Kama ni wa Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, niliuliza kituo cha kufanyia ni kipi, na namba yake. Kama ni wa TVET CDACC, baraza la mitaala na mitihani ya vyuo vya ufundi, vivyo hivyo. Jirani yangu mmoja anasomea uhasibu kwa masomo ya mbali, yeye alinieleza ya kwao: chuo unakilipa kwa kukufundisha tu, lakini kujisajili na kufanya mtihani unailipa bodi yenyewe ya mitihani ya uhasibu, KASNEB, kwa hiyo bei ya chuo ikiwa ndogo usifikiri umemaliza. Kwa shahada, anayeidhinisha ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Nilijifunza yote hayo kwa miguu, wakati ningeweza kuyajua kwa mchana mmoja mwaka uliotangulia.

Swali la pili lilikuwa hili: niandikie kwenye karatasi ya chuo, yenye muhuri, jumla ya pesa kuanzia leo mpaka nishike cheti mkononi. Sikuuliza tena kwa muhula. Vyuo viwili vilikataa kuandika. Kimoja kiliandika, na namba yao ilinishtua, kwa sababu muhula ulikuwa 15,000, ghali kuliko kule nilikotoka. Nilitaka kuinuka. Kisha nikaangalia mstari wa chini. Mihula sita ni 90,000, usajili na moduli zote za kozi nzima 8,000, basi. Jumla 98,000, ada ya KNEC kando, kwa risiti ya KNEC. Ile ya kwanza, iliyokuwa rahisi kwenye karatasi, ingenila 121,500. Nilikaa nikizitazama namba hizo mbili kwenye daftari moja, nikaelewa kwa nini ile karatasi ya barabarani haikuandika jumla.

Niliomba pia wanihesabie mitihani niliyokwisha kufanya. Haikuwezekana, kwa kuwa ilikuwa ya ndani ya chuo kile, haitambuliki nje. Nilianza upya Januari 2020.

Machi mwaka huo shule na vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona. Wenzangu wa chuo cha mbali tuliendelea na moduli, lakini maktaba ya Buruburu niliyokuwa nimeizoea Jumamosi ilifungwa, duka likapunguza mishahara, na mtihani wangu wa kwanza ukasogezwa mbele. Mambo hayo walipitia wengi na sitayarefusha.

Gharama ambazo hakuna chuo kinachoziandika, hizo nitazitaja. Bando ya shilingi 50 kila siku ya kutuma kazi. Kuchapisha saiba, kumi kwa ukurasa. Nauli ya Jumamosi za darasani, na malipo ya ziada unayoyakosa dukani siku hiyo. Na siku za mtihani wenyewe: bosi alinipa ruhusa lakini alikata mshahara, siku nne kila mara. Nilianza kuweka 700 kila mwezi kwenye bati la majani ya chai kwa ajili ya siku hizo tu. Anayefanya kazi ya kulipwa kwa siku akisahau hili, atajikuta amelipa karo yote na hana nauli ya kwenda kufanya mtihani. Nimemwona mtu yamemkuta.

Kabla ya kila mtihani nilikwenda ofisini kuomba kuona jina langu kwenye orodha ya watahiniwa, na namba yangu. Mwanzoni walichoka nami. Mara ya pili tuligundua jina langu la mwisho limekosewa herufi moja. Lilirekebishwa siku hiyohiyo, na tangu hapo dada wa ofisi akawa anawaambia wengine nao waje watazame.

Nilimaliza Novemba 2022. Pamoja na ada za mitihani, jumla yangu ilifika 114,600. Nipo kwenye ghala moja Mombasa Road sasa, msimamizi, na nilimrudishia Mama 15,000 zake siku ya mshahara wa pili. Aliziingiza kwenye chama.

Mwaka 2024 kaka yangu alimleta kwangu binti yake, amemaliza KCSE na ana C. Angepata C+, alama ya kuingia shahada, ningemweleza habari za Chuo Kikuu Huria cha Kenya, cha umma, kilichozinduliwa Konza Agosti 2023 kusomesha kwa mtandao. Yeye alikuwa na karatasi mkononi, aliyopewa na mtu barabarani. Diploma, masomo ya mbali, karo nafuu kwa muhula. Nilimuuliza nafuu kiasi gani mpaka mwisho. Akasema, "Shangazi, si wameandika hapo?"

Tulikwenda pamoja. Ghorofa ya nne safari hii, viti vizuri, picha za wanafunzi wenye majoho ukutani. Nilimwachia yeye azungumze, nikakaa kando. Aliuliza mtihani ni wa nani. Kijana wa mapokezi akajibu kuwa wanafanya wa kimataifa. Binti akauliza wa nani kimataifa. Kisha akatoa daftari, akaomba aandikiwe jumla mpaka cheti, kwenye karatasi yenye muhuri. Kijana akasema hilo aulize kwa meneja, akaingia chumba cha ndani na kufunga mlango.

Tulingoja dakika arobaini. Mlango ulifunguliwa mara moja, mtu akachungulia, ukafungwa. Binti alinitazama, nami sikusema neno. Akafunga daftari, akalitia kwenye mkoba, akainuka. Tukashuka ngazi.